Huyu alichonga mji wa Italia kwenye mbao ukatoka na uhai, mbona Pipeline yangu imetoka imekufa?

kisu_butu

Wasee habari zenu, mnivumilie nikiandika mrefu, huku mtaani sina wa kumuuliza.

Mwezi jana nilikuwa soko la Toi natafuta viatu vya kazi, nikapitia kwa jamaa mmoja anauza vitabu na kalenda za mitumba, na kwenye hiyo rundo kulikuwa na kalenda imeraruka vibaya lakini ukurasa mmoja ukanishika miguu. Mji wa minara. Minara mirefu ya mawe, kila mmoja ni kama mtoto darasani anainua mkono juu kumshinda mwenzake ndio mwalimu amuone, yote nyeusi na nyeupe, rangi hakuna hata tone. Chini imeandikwa San Gimignano, jina M.C. Escher, na kwamba ni chapa ya mbao, yaani picha inachongwa kwenye ubao, unapakwa wino na kupigwa kwenye karatasi, mwaka ulibaki upande ulioraruka. Nililipa mbao, yaani shilingi ishirini. Eeh, nilitoa mbao kwa ajili ya mbao, chekeni tu.

Sasa mimi naishi mtaa wa Pipeline hapa Nairobi, chini kabisa kwa ploti ya ghorofa saba, na riziki yangu ni vibarua vya kuandika mabango ya maduka na kinyozi. Nikiangalia ule ukurasa naona kwetu. Ploti zimesimama hivyo hivyo, moja ikipanda na ya jirani inapanda, ukitoa mkono dirishani unasalimia mtu wa ploti ya pili. Nikasema hii naweza. Nikapanda juu kwenye matangi ya maji, nikapiga picha na simu, nikanunua kipande cha MDF, ule ubao wa kiwandani, kwa fundi wa vitanda, saizi ya A3 hivi, nikahamisha ile picha yote na penseli, dirisha kwa dirisha, nguo kwa nguo kwenye kamba, halafu nikachonga wiki tatu kila jioni na kisu cha kukatia stika pamoja na bisibisi nimeinoa kwa sakafu. Wiki tatu! Vidole vimejaa plasta.

Siku ya kupiga chapa nikapaka rangi ya glosi nyeusi na ile rola ya sponji ya kupakia ukuta, nikalaza karatasi ya manila, nikakanyaga kwa miguu. Nilipoinua, kwanza bango la VYUMBA VIKO limetoka kinyume, pili mistari myembamba yote imezibwa na rangi, tatu, na hii ndio inaniuma, hata pale palipotoka vizuri hapana uhai. Ni kama muhuri wa chifu. Kila kitu kipo, madirisha yote nimehesabu yapo, na bado hakuna kitu.

Sasa shida ni nini? Ni mbao, ni kisu, ni rangi, ama ni vitu vya kuzaliwa navyo na mimi nirudi tu kwa mabango? Na huyu Escher alisomea wapi?

dogo_wa_ploti

VYUMBA VIKO kwa kinyume iko sawa kabisa buda, ukifika hapo unaambiwa vimejaa 😂

Lakini weka picha tuone.

mama_chapa

Karibu kisu_butu. Nimeiona picha uliyoweka na kwanza nikupe pole ya vidole. Mimi nimefanya chapa za mbao na za lino, ule mkeka laini wa sakafu, miaka mingi hapa Nairobi na nimefundisha vijana wengi, na karibu kila mmoja kazi yake ya kwanza ilikuwa hiyo yako. Si kipaji kimekosekana. Umefanya kazi ngumu kuliko iliyohitajika.

Tuanze na huyo bwana. Ni Maurits Cornelis Escher, Mholanzi, alizaliwa 1898 mji unaitwa Leeuwarden. Watu wengi wanamjua kwa kazi za uzeeni, zile ngazi watu wanapanda wanapanda wanajikuta walikoanzia, na maporomoko ya maji yanayojirudisha juu yenyewe, utazikuta kwenye mabango ya mabweni ya wanafunzi dunia nzima. Mimi, na watu watanipiga mawe kwa hili, napenda zaidi za ujana, hizo za Italia. Zile za ngazi ukishaelewa mchezo unaondoka, lakini mji wa kilimani unaurudia.

Hiyo ya San Gimignano ni ya mwanzo mwanzo kabisa, miaka ya 1922 na 1923 alikuwa bado anazunguka mkoa wa Tuscany, Italia, akiwa kijana tu. Shuleni alikuwa mbovu, madarasa mawili alirudia na mtihani wa mwisho akaanguka, kwa hivyo wale mnaotetemeka na matokeo poleni. Babake alikuwa injinia, akataka kijana awe mjenzi wa majumba, wakampeleka chuo cha Haarlem 1919. Hakumaliza hata wiki mbili huko kwa majumba. Alimwonyesha michoro yake mwalimu wa chapa, Samuel Jessurun de Mesquita, mwalimu akamwambia hamia kwangu. Basi akahamia. Yaani ulipouliza alisomea wapi, jibu ni kwamba alisomea kwa mtu mmoja aliyejua kuchonga, na huyo mtu akamkalia kichwani miaka mitatu hivi.

1922 akatoka chuoni, majira ya kuchipua akaenda Italia na marafiki, akaonja, na mwisho wa mwaka akarudi tena peke yake. Onyesho lake la kwanza la peke yake lilikuwa Siena, Agosti 1923, na Siena kwenda San Gimignano si mbali. Akaoa 1924 msichana aliyekutana naye Ravello, wakahamia Rome wakakaa mpaka 1935. Na sikiliza alivyokuwa anafanya, maana hapa ndipo shida yako inaanzia. Kila mwaka baridi ikiisha anabeba begi mgongoni anaingia milimani, Abruzzi, Calabria, Sicily, kwa treni, kwa miguu, anakaa chini ANACHORA. Kuna kijiji kinaitwa Castrovalva, alikaa karibu siku nzima kando ya kinjia cha mlimani akichora huku anasikiliza watoto wa shule juu yake wakiimba nyimbo zao. Halafu baridi ikirudi yuko Rome na michoro, anachagua ipi iende kwa mbao na ipi iende kwa jiwe, yaani chapa inayochorwa juu ya jiwe bapa bila kuchonga. Hiyo Castrovalva aliipeleka kwa jiwe, 1930. Morano ya Calabria, mwaka huo huo, akaipeleka kwa mbao, itafute uone nyumba zilivyopandana kilima kizima kama mahindi gunzini.

Wewe ulipiga picha na simu ukahamisha yote. Simu haichagui, inaona tangi na nguo na waya na uchafu kwa uzito mmoja. Mkono ukikaa saa mbili juu ya paa na penseli, jua linakuchoma, kipande cha karatasi ni kidogo, lazima utaacha vitu. Vile utakavyoacha ndivyo vitakupa nafasi ya kupumua.

Lakini kosa kubwa si hilo. Wewe ulichora kwa penseli, mistari myeusi juu ya karatasi nyeupe, halafu ukakaa wiki tatu unachimba kila kitu ambacho si mstari. Hiyo ni kulima shamba zima ndio ubakishe njia! Fikiria hivi. Ubao ambao haujaguswa ukiupaka wino na kuupiga chapa unatoa nini? Weusi tititi. Ni usiku, stima imepotea mtaa mzima. Kila unapochonga unawasha kitu. Kwa hivyo usijiulize dirisha liko wapi, jiulize mwanga uko wapi, chonga hapo tu, kwingine acha. Juu ya paa ya Pipeline saa saba mchana mwanga unapiga wapi? Unapiga matangi, unapiga kingo za juu, labda ghorofa ya sita na ya saba upande mmoja. Huko chini kwenye vichochoro je? Wewe unakaa huko, niambie wewe.

kisu_butu

Aki mama_chapa. Huko chini saa saba mchana tunawasha balbu.

mama_chapa

Basi umeshajijibu. Huko chini usichonge kabisa. Acha mbao.

Na ya anga, maana naona anga yako umeifagia yote ikawa nyeupe pe, ndio maana majengo yanaelea kama stika. Tafuta chapa zake za Rome usiku, za 1934, alikuwa anatoka gizani na taa ndogo ameining'iniza kwenye koti anachora barabarani, kesho yake anachonga. Zile ni kama mazoezi alijipa mwenyewe. Kuna ile ya nguzo za kanisa la Mtakatifu Petro, ameichonga yote kwa mistari ya mshazari tu, kitu chochote, nguzo, sakafu, kivuli, mistari inaenda upande mmoja, kinachobadilika ni unene. Mstari mweupe ukinenepa hapo kuna mwanga, ukikonda hapo kunaingia giza, ukiisha ni usiku. Hakuna kijivu hapo hata kimoja, wino ni mweusi mmoja tu, jicho lako ndilo linachanganya. Fanya zoezi hilo kwa kipande kidogo kama simu yako. Ploti moja, mistari ya kusimama tu, toka mwembamba hadi mnene. Usiniletee tena kitu cha wiki tatu.

mzee_wa_randa

Nimesoma. Mimi si msanii, mimi ni seremala mstaafu, miaka 38 kwenye mbao, kwa hivyo hayo ya mwanga namwachia mama. Lakini nimeona hiyo picha ya bisibisi iliyonolewa sakafuni, kijana wangu, moyo ukaniuma.

MDF si mbao. Ni unga wa mbao na gundi. Haina nyuzi kwa hivyo haikupingi, ndio maana ulidhani ni rahisi, lakini kingo zake zinafumuka kama keki na ukichonga mstari mwembamba unamomonyoka. Na vumbi lake lina gundi, usilichonge ndani ya chumba unacholala, toka nje na ufunge pua. Plai ya kawaida pia itakusumbua, ngozi ya juu inabanduka.

Tafuta mbao ya kweli. Saiprasi iko kila mahali na ni rahisi lakini nyuzi zake ni ngumu na laini kwa zamu, kisu kinaruka. Nenda kwa wale Wakamba wachongaji wa vinyago uwaulize vipande vya jakaranda. Ni laini, nyuzi zimetulia, na Nairobi jakaranda zinaanguka kila mvua kubwa. Mwembe pia si mbaya. Mvule usiguse kwa sasa, itakula kisu na pesa. Nimesoma huyo Mholanzi mara nyingi alitumia mbao ya mpea, sijawahi kuirandia hiyo lakini wanasema nyuzi zake hazionekani kwa macho, inakatika kama jibini. Hapa kwetu hutaipata, usisumbuke.

Ubao uwe umekatwa kwa urefu wa nyuzi, kama mbao ya meza. Kuna wengine wanachonga kwenye kichwa cha mti, pale miduara inaonekana, hiyo ni kazi nyingine na visu vingine, ni ya vitu vidogo vyenye mistari kama nywele. Wewe kaa kwa urefu. Upige randa, msasa 120, halafu 240, halafu uchukue brashi ya waya uisugue kidogo kufuata nyuzi ukitaka nyuzi zenyewe zionekane kwenye anga. Mama atasema kama ni sanaa ama ni ushamba.

Visu. Unataka bobari, si bisibisi. Bobari ni ile patasi yenye ncha ya mviringo, inakula mbao kama kijiko. Bobari ndogo za dukani ni bei, lakini chukua mwavuli ulioharibika, zile mbavu zake za chuma za aina ya zamani zimekunjwa kama mfereji. Kata kipande cha urefu wa kidole, noa ncha kwa nje kwa jiwe laini, iingize kwenye mpini wa mti wenye tundu uifunge na uzi na gundi. Umepata bobari bure, na ukipata miavuli miwili ya saizi tofauti una bobari mbili. Tulikuwa tukizitengeneza hivyo tukiwa wanagenzi. Noa kila baada ya nusu saa, malizia kwenye mshipi wa ngozi. Kisu butu ndicho kinakata vidole, kikali hakikati, na wewe jina lako tayari linanitia wasiwasi.

Tena piga kijiti chini ya ukingo wa meza na kingine juu, ubao ukae umezuiwa, usishike kwa mkono wa kushoto mbele ya kisu. Mkono wote uwe nyuma ya ncha. Siku zote.

binti_wa_pwani

Jamani mie nimekuja kwa hiyo minara. Mie ni wa Pwani ila niko South B mwaka wa tisa sasa, na kisu_butu aliposema kila ploti inashindana na ya jirani nikacheka peke yangu, kwa sababu huo mji ulijengwa hivyo hivyo hasa.

Zile za San Gimignano si minara ya kanisa wala ya msikiti, ni majumba ya watu binafsi. Wafanyabiashara. Mji ulikuwa kwenye njia ya mahujaji waliokuwa wanakwenda Rome, na utajiri wake mwingi ulitoka kwa nini? Zafarani! Ile ile mnayoipaka biriani kidogo kidogo kwa sababu ni ghali. Familia zikatajirika, zikachukiana, kila moja ikainua mnara, jirani akainua zaidi. Wanasema ilifika minara 72 kwenye mji ambao unauzunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Ikabidi baraza liweke sheria kwamba mtu binafsi asipite mnara wa serikali. Mrefu kuliko yote leo unaitwa Torre Grossa, mita 54, ulimalizika 1311.

Halafu 1348 tauni ikapita. Ikawamaliza. 1353 mji ukaenda chini ya Florence na pesa hazikurudi tena. Na hapa ndipo panaponifurahisha, kwamba miji mingine tajiri ilibomoa minara yao ya zamani ikajenga majumba mapya ya mtindo, wao hawakuwa na pesa ya kubomoa wala ya kujenga, ikabaki imesimama karne baada ya karne mpaka umaskini wenyewe ukageuka kivutio. Leo imebaki 14, na UNESCO wameuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1990. Huyo kijana wa Kiholanzi alipofika, alikuta mabaki ya ushindani wa watu waliokufa miaka mia sita nyuma.

Na tukisema mji wa kilimani tusijidharau. San Gimignano iko mita 324 juu ya bahari. Uwanja wa ndege wetu hapo Embakasi uko mita 1,624. Pipeline iko juu yao mara tano na hakuna mtu anatuita mji wa kilimani!

dogo_wa_ploti

binti_wa_pwani umenimaliza na hiyo ya 324 😂😂 landilodi akisikia ataongeza kodi, view ya Tuscany

jicho_kavu

Naona mnasifu tu. Swali langu, hivi ni lazima kijana wa Pipeline aanze na Mholanzi aliyeenda Italia kutalii? Chapa za mbao ziko hapa hapa. Peterson Kamwathi ni wa hapa, amefanya chapa za mbao kubwa zinazoongea siasa ya hapa, na Kuona, kituo cha wasanii, ilianza miaka ya 90 pale Makumbusho ya Taifa wasanii wakichonga na kupiga chapa. Mwambieni aende akaone hizo kwa macho, si karatasi ya kalenda. Kalenda inadanganya saizi, inadanganya weusi, huoni hata karatasi imebonyea wapi.

Pia, kunakili kazi ya mtu ni wizi ama sivyo?

mama_chapa

jicho_kavu la kwanza nakubaliana nawe kabisa, na kisu_butu andika hilo. Chapa lazima uione mbele yako, wino una unene, ukiinamisha karatasi dirishani unaona mbao ilivyosukuma. Kamwathi ukipata nafasi nenda, ukakae mbele ya kazi moja nusu saa. Usipite pite.

Lakini kusema asianze na aliyemshika miguu, hapo hapana. Mtu anaanza pale alipokwama. Mimi nilianza na lebo ya kiberiti.

Kuhusu wizi, kunakili kwa kujifunza mezani kwako ni shule ya zamani, kila fundi amepita hapo. Kuuza hiyo nakala ndio shida, huyo alifariki 1972, na kwao Ulaya haki zinalindwa miaka 70 baada ya kufa, kwa hivyo bado sana. Ila kijana hajanakili. Amechukua swali tu akalipeleka kwake.

Na kwa kuwa umemwita mtalii nikuambie kilichomtoa Italia. Alikuwa mtu asiyejali siasa hata kidogo, mpaka siasa za Mussolini, dikteta wa Italia wakati huo, zilipoingia nyumbani kwake. Mtoto wake mkubwa, miaka tisa, akalazimishwa kuvaa sare ya watoto wa chama shuleni. 1935 akafunga mizigo wakaenda Uswisi. Na ukiangalia kazi zake baada ya hapo ile miji inapungua, anaingia kwenye ndege wanaogeuka samaki na sakafu zinazogeuka watu. Mwenyewe alisema mandhari ya huko kaskazini hayakumvuta, ndio akageukia picha za ndani ya kichwa. Lakini mji mmoja wa Italia hakuuacha, Atrani, uko ufukweni karibu na pale alipokutana na mkewe. Aliuchora 1931, ukatokea tena kwenye chapa yake inayoitwa Metamorphosis ya 1937, nyumba zinageuka vibweta, vibweta vinageuka mtu, halafu tena kwenye Metamorphosis ya pili, ile ndefu ya 1939 hadi 1940, chapa ya mbao ya karibu mita nne.

Yule mwalimu wake, Mesquita, alikuwa Myahudi. Mwanzo wa 1944 Wajerumani walimchukua usiku yeye na mke na mtoto wao. Hawakurudi. Escher alienda nyumbani kwa mzee akakuta michoro imetawanyika sakafuni, akaokota aliyoweza. Karatasi moja ilikuwa na alama ya kiatu cha askari, misumari na yote. Hakuisafisha, aliitunza hivyo.

Sasa turudi kwa rola maana hakuna aliyesema na ndiyo iliyokuharibia nusu ya kazi. Sponji haifai kabisa. Sponji inaingia kwenye mifereji inapaka pale ulipochonga. Unataka rola ngumu ya raba, mimi ya kwanza niliitoa kwenye mashine ya fotokopi iliyokufa. Glosi pia tupa. Nenda kwa wachapishaji wa River Road uombe wino wa ofseti uliobaki kwenye mkebe, ule mzito kama asali, wanautupa. Utandaze kidogo sana juu ya kioo, pitisha rola mpaka isikike kama mandazi yakianza kuiva kwenye mafuta, shhhh, laini. Ikitoa sauti ya kunata kama tope, wino ni mwingi. Karatasi iwe nyembamba, manila ni ya kubebea mafaili. Halafu usikanyage, laza karatasi, sugua kwa mgongo wa mwiko, taratibu, duara ndogo, inua kona uchungulie, rudisha, sugua tena.

Na herufi. Ukitaka zisomeke, fanya fotokopi ya mchoro wako, ilaze uso chini kwenye ubao, pangusa mgongo wake na kitambaa chenye thina kidogo, wino wa fotokopi utahamia kwenye mbao ukiwa kinyume, ukipiga chapa unanyooka. Madirisha wazi tafadhali, thina inalevya.

kisu_butu

Wasee nimerudi, ni wiki tatu tena lakini safari hii sikuchonga wiki tatu, nilichora wiki mbili na nusu.

Nilipata jakaranda kwa wachongaji, kipande kimeshakauka, mzee_wa_randa Mungu akuweke, kinakatika kama siagi ya asubuhi. Bobari mbili za mwavuli, mwavuli wenyewe wa mamangu, tusilizungumzie hilo. Wino nilipewa bure kweli, jamaa alishangaa mtu anaomba takataka. Mwiko niliazima kwa jirani na sijui nitaurudishaje maana mgongo umekuwa mweusi.

Nilipanda kwenye matangi jioni nne, na penseli na kipande cha karatasi ya A5 tu kama mama alivyosema, nikaona kitu sijawahi kuona na nimekaa hapa miaka sita. Jua likienda chini linaingia kwenye kichochoro chetu kwa kama dakika kumi, limelala, linapiga kuta za upande mmoja mpaka karibu na chini, halafu linatoka. Nikachonga hizo dakika kumi. Ploti nne tu, si mtaa mzima. Mistari ya kusimama kwa kuta, mshazari kwa anga, chini sijagusa isipokuwa kitundu kimoja kidogo cha mraba, balbu ya kwangu. Nilipiga chapa sita, mbili nikaharibu, ya tatu nilipoinua karatasi nilikaa chini.

Nimeweka picha. Bango nalo linasomeka.

Sasa nina swali jipya. Chapa moja niliibandika mlangoni, landilodi akapita kuchukua kodi, akasimama akaangalia muda mrefu nikadhani ananifukuza. Akauliza, hii ni yangu? Nikasema ndiyo, hiyo ya pili kushoto. Akasema mbona ya huyu jirani umeifanya ndefu. Nikamwambia mzee, ni vile nilikuwa nimesimama. Akasema mimi nina saba na yule ana sita na nusu, ile ya juu ni mabati. Anataka moja ya kuweka ofisini na analipa, lakini ghorofa yake iongezwe. Mbao ikishachongwa unairudishaje?

dogo_wa_ploti

San Gimignano hii hapa 😭😭😭

mzee_wa_randa

Inawezekana. Pale juu ya paa yake toboa mraba kwa patasi, kina cha nusu ya ubao, kuta zake zisimame wima. Kata kiraka cha jakaranda ile ile, nyuzi zielekee upande mmoja, kiingie kwa kugongwa kidogo na nyundo ya mti. Gundi nyeupe, siku nzima ikauke, randa, msasa, halafu uchonge upya. Wachapishaji wa zamani walirekebisha makosa yao hivyo hivyo.

Lakini chapa zako zile za kwanza uzifiche kabla hujatoboa. Na bei mwambie kabla hujampa ghorofa.